Hamisi, Tumemposea Sultani

Hamisi, rafiki yangu,

Tumekwenda kuposa bila wewe.

Nimeliweka hilo mwanzoni kabisa kwa sababu nakukumbuka. Ulikuwa ukiniambia kwamba nikitumwa kusema nyumba inaungua, naanza na historia ya kiberiti. Basi safari hii nimeanza na moto wenyewe. Lakini jibu la posa utalingoja, maana mimi bado ni mwalimu, na wewe sasa huna pa kukimbilia.

Kwetu ni wazima. Mama Zaina amemaliza eda na amerudi kwenye duka lake la vitenge. Gereji yako ya Buyenzi anaishika Zaina, na wateja wanasema anawafokea kwa sauti yako, isipokuwa yeye gari analirudisha siku aliyosema. Mimi magoti yananisumbua, lakini kila Ijumaa natoka Ngagara taratibu hadi kwenye bustani yetu ya wanyama, saa ile ile tuliyokuwa tukikutana wewe ukitoka msikitini. Nakuandikia nikiwa humo humo, kwenye benchi. Benchi lipi, nitakueleza.

Ungeingia leo ungedhani umekosea mlango. Unakumbuka ziwa lilivyopanda, maji yakafika mpaka kwenye ukuta wa mamba, nasi tukabishana kama mamba watatoka kwenda ziwani au samaki wa ziwani wataingia kwa mamba? Ukuta ule umejengwa upya, juu zaidi, na bwawa limechimbwa likawa na kina. Mamba mkubwa sasa anazama, anapotea, wageni wanapiga kelele, kisha anaibuka upande mwingine kama mtu aliyekwenda kuchukua kitu chumbani. Vizimba vile vya waya vya nyani vimevunjwa. Wamepewa uwanja wenye miti ya kweli, na siku ya kwanza walikaa wote pembeni, wamekumbatiana, wakiitazama miti kwa wasiwasi. Kobe ni yule yule. Yeye hajabadilika, na sidhani kama amegundua kwamba kuna mabadiliko.

Anayeyafanya haya yote ni daktari wa wanyama, binti wa umri wa Zaina, jina lake Inesi. Anatembea haraka, anasema kwa ufupi, na ana heshima. Aliniomba niandike vibao vya kueleza wanyama, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Nilifurahi sana. Nilipompelekea kibao cha kobe alikisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, ni kizuri. Lakini watu watakuwa wamesimama kwenye jua." Akakipunguza kikabaki mistari mitatu. Nilikusikia ukicheka, Hamisi. Nakwambia nilikusikia.

Sasa twende kwa Sultani.

Najua ulikuwa ukimpenda kuliko wanyama wengine wote pamoja. Nakumbuka siku ya kwanza ulipomwona korongo yule, na taji lake la manyoya ya dhahabu kichwani, ukaigusa kofia yako ukasema, "Huyu ni Muislamu mwenzangu." Ukampa jina la Sultani. Kila Ijumaa ulimsalimu, "Salam aleikum, Sultani," naye alikuwa akiinamisha kichwa. Nilikueleza mara nyingi kwamba korongo huinamisha kichwa kwa sababu nyingine, na mara zote uliniambia, "We Profeseri, mutu akikusalimia, unajibu. Usitafute sababu."

Wakati ule alikuwa na mwenzake. Tuliwaona wakicheza, wewe na mimi, kwenye mvua za kwanza: wanainamiana, wanafungua mabawa, wanaruka juu, wanarusha vijiti na majani hewani kama watu wa harusi. Ndege hawa wakishapatana huwa hawaachani. Yule jike alipougua akafa, Sultani aliacha kucheza. Alikuwa akisimama siku nzima ameelekea ukutani. Ndipo wewe ulipoweka mkono kwenye waya ukamwambia, nami nikiwa shahidi, "Sultani, usihuzunike. Nitakutafutia muke. Mi sijashindwa posa hata moja."

Na ilikuwa kweli. Mji mzima ulikujua kwa mambo mawili, mashine za magari na maneno ya posa. Waislamu wa Buyenzi walikuita, Wakristo wa Ngagara walikuita, na kule kwa Wakristo watu walipokuwa wakipokezana bia wewe ulishika soda yako na kuwashinda wote. Nakumbuka ile nyumba ya Ngagara, msemaji wa wenyeji alipojifanya kwamba binti hayupo, amekwenda kusoma ng'ambo, hatarudi karibuni. Wewe ukageuka ukatuambia sisi tuliokusindikiza, "Basi tutamusubiri hapa hapa." Kisha ukawaambia wenyeji, "Mutuletee magodoro." Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko, na binti akaletwa.

Ila Sultani hukuwahi kumtimizia. Ulilazwa, tukadhani ni siku chache. Haya. Sitaki kuyaandika hayo leo. Nitasema tu kwamba siku ya mazishi waliniomba niseme neno, mimi ambaye huwa sihitaji kuombwa, na neno halikutoka.

Baada yako Sultani alizidi kukonda. Daktari Inesi aliniita akanionyesha mbavu. Akanieleza mpango wake, na ni mpango mzuri, ngoja nikufafanulie. Upande wa chini wa bustani, pale palipokuwa na majani tu, anataka kutengeneza kinamasi kidogo chenye mafunjo, kwa ajili ya korongo wawili. Wakitaga na kuangua, makinda hayatazoeshwa watu. Yatalelewa na wazazi wao, na yakishakomaa yatapelekwa kwenye mabonde ya maji ya kaskazini, ambako korongo wamepungua sana kwa sababu watu huwakamata wadogo na kuwauza wawe mapambo ya nyumba. Lakini mpango wote ulisimama kwa mguu mmoja, kama Sultani mwenyewe, kwa sababu jike hakuwapo. Na kama jike angekosekana mpaka mvua zianze, sehemu ile ingepewa mabata.

Jike alijulikana aliko. Alikuwa Kiriri, kwenye bustani ya Mama Yozefina, mjane mwenye nyumba yenye ukuta wa mawe. Daktari Inesi alikwenda mara ya kwanza peke yake. Alizungumza kwa adabu, akaeleza sheria ya wanyama wa porini, akaeleza na kinamasi. Mama yule alimkaribisha chai, akamwacha amtazame ndege na kuchukua unyoya mmoja wa kupima, kisha akamwambia, "Mutoto wangu haondoki hapa kama kuku ya soko. Mukimutaka, mukuje kumuomba kama watu."

Hakuwa anatania. Alitaka posa.

Daktari Inesi alikuja kwangu. "Mzee, wewe unajua kusema?" Nikamjibu kwamba mimi najua kueleza. Aliyejua kusema tumemzika. Zaina, niliyekuwa nimemwita anisaidie kukataa, hakunisaidia. Alisema, "Baba mukubwa, baba alimuahidi ule ndege. Na baba hakuahidi kitu akaacha." Akafikiri kidogo akaongeza, "Isipokuwa ile benchi."

Basi tukapanda Kiriri. Unajua esansi ya magari inavyoadimika siku hizi. Gari la bustani lilikuwa na kiasi cha safari moja tu, na Daktari alisema hicho ni cha bibi harusi. Sisi tulikwenda kwa miguu, ujumbe wa bwana harusi, tukipanda mlima ule katikati ya nyumba za wakubwa. Mimi nilivaa suti niliyostaafia. Inesi na Zaina walivaa mavazi ya sherehe, yale ya kufunga begani, na mbele yetu alitangulia mwenye baiskeli akisukuma kreti mbili za soda. Walinzi wa milangoni walisimama kwa heshima, wakiuliza harusi ni ya nani. Zaina aliwajibu, "Ya Sultani," nao wakainama zaidi. Mara kwa mara nilisimama nikageuka kuwaonyesha ziwa na milima ya Kongo ng'ambo yake, nikiwaeleza bonde lilivyozama. Zaina alijua navuta pumzi, lakini alinisikiliza.

Nilidhani tutakuta mjane na kikombe cha chai. Hamisi, lilikuwepo turubai. Vilikuwepo viti vilivyopangwa kwa kuelekeana, safu yao na safu yetu, kama inavyotakiwa. Majirani walikuja wamevaa. Na kwenye kiti cha msemaji wa wenyeji alikaa shemeji yake Mama Yozefina, jaji mstaafu, mzee mwembamba mwenye macho ya mtu aliyesikia uongo wa kila aina. Nyuma yao, kwenye majani, alitembea Keza mwenyewe, ndiye huyo korongo, akiokota panzi kana kwamba mambo yale hayamhusu.

Nilianza vizuri, ungeniona. Niliomba ruhusa ya kusema. Nilisifu nyumba, nikasifu mvua inayokaribia, nikawauliza habari za ng'ombe wao wasio nao. Jaji alinijibu kwa mapambo yale yale. Kisha nikasema kwamba kijana wetu ameona ua zuri katika bustani hii, nasi tumekuja kuliomba. Jaji akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya.

"Wageni wetu, mumepotea njia. Hapa hatuna binti. Tuko na ndege tu mumoja, kazi yake kula panzi."

Wewe hapo ungejibu neno moja, watu wakacheka, tukasonga mbele. Mimi nilisikia neno "ndege", na mwalimu akaamka ndani yangu. Nilianza kueleza. Nilieleza korongo ni ndege gani, anaishi wapi, anakula nini zaidi ya panzi. Nilieleza wanavyotaga na wanavyolea kwa zamu. Watu walikuwa kimya, nikadhani ni kimya cha kujifunza. Nikafika mahali nikasema, kwa furaha kabisa, kwamba kwa ndege hawa dume na jike wanafanana kila kitu, hata mtaalamu hawezi kuwatambua kwa macho.

Jaji aliweka glasi yake chini, polepole.

"Profeseri, tunashukuru kwa somo. Sasa na mimi naomba kuuliza. Mumepanda mulima wote huu kuja kuoa, na hamujui kama mutoto wetu ni binti?"

Turubai lilipasuka kwa kicheko. Hakuniachia nafasi. "Na huyo wenu? Muko na uhakika ni kijana?"

Hata wapishi walikuwa wakicheka dirishani. Na hapo Zaina akanikanyaga mguu. Nilidhani ananitia moyo niendelee. Kwa hiyo niliendelea! Nikaongeza habari ya mayai, yana rangi gani na huchukua muda gani kuanguliwa. Akanikanyaga tena, kwa kisigino. Ndipo nikaelewa.

Kitu kibaya ni hiki. Jibu lilikuwapo. Ule unyoya aliochukua Daktari Inesi ulikwishapimwa, na Keza ni jike bila shaka yoyote. Aliniambia, nami nikasahau, kichwa kimejaa hotuba. Naye Inesi alikuwa amekaa pale pale, jibu analo mdomoni, ameinamisha kichwa, maana unajua desturi yetu: msemaji akisimama, wa upande wake wengine wote ni mabubu. Nilimwona Mama Yozefina. Kati ya wote waliokuwepo, yeye peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo anamtazama Keza, na mkono wake uko kwenye mkono wa kiti kama mtu anayetaka kuinuka aondoke. Nikafikiria kinamasi kikipewa mabata. Nikafikiria mbavu za Sultani.

Nikakufikiria na wewe. Ulipokuwa ukikwama, na ulikwama mara chache ila nilikuwepo, ulivua kofia, ukajifuta kipara, ukaomba maji. Mimi sina kofia. Niliomba maji. Waliniletea glasi, nikanywa yote, taratibu, na nilipokuwa nikinywa Keza alisogea mpaka karibu ya viti, akanitazama kwa jicho moja, kama yule mwanafunzi anayejua mwalimu hakuandaa somo.

Niliposhusha glasi nilisema hivi, na nakuandikia kama nilivyosema.

"Mimi si msemaji. Msemaji wetu alikuwa Hamisi wa Buyenzi, fundi magari, na angekuwepo mngekwishatupa binti na chakula. Alikuwa na korongo anayemsalimu kila Ijumaa. Yule korongo alifiwa, Hamisi akamuahidi mke, kisha na yeye akafa. Korongo hachezi tena. Nimekuja kwa sababu sijui njia nyingine ya kuitimiza ahadi ya rafiki yangu. Kama mtoto wenu ni binti au si binti, daktari wetu anajua. Mimi aliniambia nikasahau."

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kingine. Jaji alifungua mdomo ajibu. Na Mama Yozefina, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema hata neno, akamwinulia mkono shemeji yake kumnyamazisha.

"Alikuwa anamusalimia?"

"Kila Ijumaa, Mama."

"Anasema nini?"

"Salam aleikum, Sultani."

Alicheka peke yake, kidogo, kwa pua. "Huyu mi namuambia bonjour. Kila asubuhi, tangu mume wangu alimuleta hapa akiwa mudogo, alimukuta anauzwa barabarani. Mume wangu alikufa, nikabaki na ndege ya kuambia bonjour. Sasa mi naogopa kitu kimoja tu. Mukimupeleka kule, nani atamusalimia?"

Ndicho kilichokuwa moyoni mwake siku zote, Hamisi. Halikuwa suala la sheria wala la kinamasi. Daktari alimweleza kinamasi, mimi nikamweleza mayai, na yeye alitaka kujua habari ya salamu.

Nikamwambia, "Njoo umsalimu mwenyewe, Mama. Na siku usipokuja, nitamsalimu mimi."

Akamnong'oneza shemeji yake. Jaji alisimama, akakunja uso kama anasoma hukumu, akatangaza kwamba familia imesikia. Mahari haitakuwa ng'ombe. Mahari ni mahali pa kukaa, mbele ya nyumba ya mkwe, kwa sababu mama wa binti hawezi kwenda kumtembelea mwanawe akasimama kwenye jua kama mdai. Akamalizia, "Na isiyumbe. Mi mwenyewe nilikaa kwenye benchi ya kule zamani. Nusura nianguke kwa nyani."

Unalijua benchi hilo. Ni letu. Mguu mmoja ulikatika, tukauwekea tofali, na kila Ijumaa ulisema, "Wiki ijayo nakuja na mashine naichomelea." Mji mzima magari yanatembea kwa mikono yako, na benchi lako mwenyewe likayumba miaka. Zaina alipokuwa akisikiliza hukumu ile alijifunika uso kwa kitambaa cha vazi lake, nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Baba mukubwa," aliniambia tulipokuwa tukishuka mlima, "posa ya mwisho ya baba, mahari inakuwa kazi aliyokwepa!"

Alilichomelea yeye. Alikuja na mashine, akatoa vyuma kwenye lile rundo lako la nyuma ya gereji, akalipa miguu minne mipya na kulipaka rangi ya kijani. Haliyumbi. Nimekaa juu yake sasa, nimejaribu kuliyumbisha, limekataa. Tofali nimezuia lisitupwe. Liko chini, kando ya mguu ule, halifanyi kazi yoyote.

Keza aliteremshwa kutoka Kiriri kwa ile esansi iliyotunzwa. Mama Yozefina alikaa mbele na dereva, ndege nyuma kwenye sanduku la mbao lenye matundu, Inesi akilishika kwa mikono miwili. Jaji alikuja kumkabidhi kwa hotuba, naye akarefusha kuliko mimi. Nilifurahi.

Hawakuwekwa pamoja siku hiyo. Ndege wawili wazima wasiojuana wanaweza kuumizana, kwa hiyo kwanza walitenganishwa kwa waya, kila mmoja anamwona mwenzake. Na unafikiri Sultani alifanya nini? Aligeuza mgongo. Siku baada ya siku, mgongo. Keza anapita karibu ya waya, Sultani anatazama ukuta. Mama Yozefina alikuja kila asubuhi na mwavuli wake, akakaa hapa, akasema, "Bonjour, Keza." Mimi nikasema, "Salam aleikum, Sultani," kwa niaba yako. Kisha tulikaa sisi wawili wazee tukiutazama mgongo ule. Siku moja alisema, "Huyu mukwe ana kiburi." Nikaanza kumweleza kwamba si kiburi. "Ni kiburi," akasema. Nikaacha.

Lakini usiku sikulala vizuri, Hamisi. Niliwaza kwamba nimemtoa mama wa watu ndege wake kwa ajili ya mgongo.

Halafu mvua ikaja. Ile ya kwanza, yenye matone makubwa, inayonyesha jua likiwaka. Ilikuwa asubuhi, watoto wa shule wamekuja na mwalimu wao, wakakimbilia chini ya paa wakipiga kelele. Keza alisimama katikati ya mvua. Akainama. Akafungua mabawa, akayafunga. Akainama tena, kuelekea kwenye waya. Sultani aligeuza kichwa. Kichwa tu. Kisha mwili ukafuata kichwa. Akasogea hatua ndefu ndefu zile za kwake, akasimama mbele ya waya, akaokota jani kavu kwa mdomo, nikasema moyoni, jamani.

Akalirusha juu.

Akaruka, Hamisi! Aliruka mabawa wazi, miguu inaning'inia, akatua, akainama, akaruka tena, na upande wa pili Keza anaruka, na waya katikati yao unatingishika maji yanamwagika. Watoto walipiga makofi kwa mdundo, kama wamefundishwa. Daktari Inesi, yule asemaye kwa ufupi, alikuja mbio bila koti la mvua akipiga kelele zisizo na maneno. Mama Yozefina aliangusha mwavuli. Akasimama, akainua mikono yake miwili juu kama tunavyocheza kwenye harusi zetu, akapiga vigelegele, na umri wake wote na suti yake ya Kiriri vimelowa.

Nikamwegemea nikaanza kumweleza kwa nini korongo hucheza mvua inapoanza.

"Profeseri," aliniambia bila kunitazama, "nyamaza. Angalia."

Nikanyamaza, nikaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika nililia nikacheka wakati huo huo, kwenye mvua, ambapo hakuna anayejua ni maji gani.

Sasa waya umeondolewa. Wanalala karibu, wanakula karibu, na Sultani ameanza kunenepa kama mume yeyote anayetunzwa. Kinamasi kinachimbwa. Nikiinua macho nawaona vijana na majembe, na mafunjo ya kupanda yamelala kwenye kivuli yamefungwa magunia. Pembeni patajengwa chumba cha masomo kwa watoto wa shule, na Daktari ameniomba nifundishe humo Jumamosi. Ameniomba, nakwambia. Ila amesema ataweka kengele. Na mvua nyingine zikija, kama Mungu akipenda, kutakuwa na mayai, na kutoka kwenye mayai hayo kuna korongo ambao hawatatujua kabisa, hawatasalimiwa na mtu, watapaa juu ya mabonde ya kaskazini na mataji yao. Nimemwuliza Mama Yozefina kama hilo litamuuma. Alifikiri, akasema, "Apana. Wajukuu huwa wanaenda mbali."

Jaji anataka makinda yapewe majina kwa sherehe, na hotuba za pande zote mbili. Ameniambia amekwisha kuandaa yake. Upande wetu nimechaguliwa mimi.

Basi, ndugu yangu, pumzika. Mungu akuangazie ulipo. Posa yako ya mwisho nayo haikushindwa, na wala usimwambie mtu kule kwamba niliisaidia kwa mayai. Nakuahidi mambo mawili. Salamu yako kwa Sultani itafika kila Ijumaa, kwa maneno yako yale yale, na nisipoweza tena kutembea Zaina ataileta, amekwisha kukubali. Na siku ya majina nitasimama, nitasalimu, nitalitaja jina lako, nitaomba makinda yapewe majina, nitakaa chini. Sitaeleza kitu.

Huamini. Najua huamini, hata huko uliko unatikisa kichwa.

Basi tazama, nakomea hapa.

Wako,
Profeseri